Mama, Nilikwenda Dar es Salaam Masika

Mama yangu Mwanamvua,

Nimerudi juzi kutoka Dar es Salaam. Nilikwenda masika. Najua ungesemaje, kwa hiyo niache kwanza nikueleze yote kwa utaratibu, halafu nitakuomba radhi.

Mwalimu wa chuo cha Kurani anasema kinachokufikia ni dua tu, barua haifiki. Dua nakuombea kila sala. Lakini yapo mambo ambayo sijui kuyaweka kwenye dua, nayo ni haya.

Siku ile habari ya Zainabu ilipotufikia, ulikuwa mwaka wa sita tangu dada yangu aolewe na askari wa Mdachi akahamia naye mjini, nawe ulikuwa umekwisha kuapa kwamba nyumba ya mtu yule hutaikanyaga. Mchukuzi mmoja wa Mhindi wa Kibiti akaja akasimama uani kwetu Mahege, akasema Zainabu amejifungua mtoto wa kike na amempa jina lako. Ulikuwa unapepeta mpunga. Ukaweka ungo chini. Habari ya kiapo hukuigusa. Ukaniuliza, "Dar es Salaam siku ngapi kwa miguu?"

Nikasema tano.

"Basi kesho kutwa."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, masika yako mlangoni. Nami ndiye niliyekwisha kufika mjini mara mbili na msafara wa nta, kwa hiyo nilikuwa mjuzi. Nikakukalisha kitako nikakupangia majira ya mwaka mzima. Masika hapana, njia inageuka tope, vijito vinajaa, na mjini kwenyewe maji yanasimama mitaani, mbu hawana adabu. Vuli nayo tunapanda, shamba tumwachie nani? Kaskazi ikianza visima vya njiani vinakauka na mji unachoma, watu wanahamia vibarazani. Ukabaki wakati wa kipupwe: mpunga umevunwa, njia kavu, na upepo unaingia mjini mchana kutwa. Nilikueleza mji ule kama mtu anayeuuza.

"Mimi nilizaliwa mvua inanyesha, ndiyo nikaitwa hivi," ulisema. "Mvua itanifanya nini?"

Nikacheka. "Mama, mtoto hahami pale. Ngoja kipupwe."

Ukangoja.

Kipupwe kilikuja kizuri vilevile nilivyosema. Katika hilo sikukudanganya. Tulivuna, ukamsukia mjukuu wako mkeka mdogo wa ukindu, tukapanga kuondoka Ijumaa baada ya sala. Jumatano watu wakafika kutoka upande wa Umatumbi, wakasema pamba ya Mdachi imeng'olewa na vita vimeanza. Haikupita wiki, njia ya mjini ikawa ya askari watupu. Nani angemwamini mtu wa huku akisema anakwenda kumtazama mjukuu?

Halafu yakaja yale maji ya dawa, ya kugeuza risasi za Mdachi ziwe maji. Wenzangu walikwenda kunyunyiziwa, nami nilitaka. Nilikuwa nimelimishwa shamba la pamba kwa kiboko, na mgongo wangu uliukanda wewe mwenyewe. Nilikuwa nimefika mlangoni na mkuki. Hukulia wala hukunishika. Ulisema, "Ukimuua mume wa Zainabu, nitakwenda Dar es Salaam kwa uso gani? Na yeye akikuua wewe, je?"

Nikaurudisha mkuki. Waliniita mwoga mbele yako. Wengi wao hawakurudi, na mpaka leo nikipita penye nyumba zao sijui nishukuru au nione haya.

Askari walipofika Mahege sisi tulikuwa msituni. Walichoma nyumba na ghala za mpunga, na ule mkeka ukateketea humo. Tukateremka visiwani, mdomoni mwa mto, kwa binamu yako, upande wa Mbwera, watu wengi mno kwa chakula kidogo mno. Tulichimba ndiga porini, tukaziloweka siku tatu zitoke sumu, ndipo tupike. Ulikuwa ukinisogezea fungu lako, unasema umeshiba. Nami nilikula, Mama. Nilijua hukushiba na nilikula.

Ulikufa asubuhi, jua limeshapanda, kaskazi inavuma. Jana yake uliniuliza kama njia imefunguka. Nikasema bado. Mama, njia ilikuwa imefunguka tangu wiki moja kabla. Lakini ulikuwa huwezi hata kukaa, nikaona nikikwambia utataka kusimama. Radhi ninayokuomba, mojawapo ni hiyo.

Tulikuzika palipoinuka, mahali ambapo maji hayafiki.

Mvua za kwanza zilipoanguka nikaondoka. Safari hii sikuchagua majira. Njia ya siku tano ilinichukua tisa. Tope lilifika magotini, na kijito kimoja nilikivuka nimeshikilia kamba waliyoifunga wachukuzi. Siku ya sita nilimkuta bibi mmoja, mzee kuliko wewe, amekaa juu ya gogo anakamua kanga yake, pembeni ana tenga la kuku wawili. Akaniambia anatoka Kisiju, anakwenda mjini kwa mwanawe.

Nikamuuliza, "Bibi, masika hii?"

"Na wewe uko wapi, si masika hiihii?" akanijibu. "Mimi naenda ninapomkumbuka."

Nilimbebea tenga lake mpaka mjini. Nilikuwa namtazama miguu yake inavyotoka kwenye tope, mmoja baada ya mwingine, polepole. Anateleza, anatukana kidogo, anaendelea.

Mji niliukuta kama nilivyokusimulia. Maji mitaani, mbu, nguo hazikauki. Zainabu alitoka mlangoni, akanitazama, akatazama nyuma yangu. Akatazama tena. Kisha akakaa chini palepale penye maji.

Mumewe amerudi kutoka vitani akiwa na mguu mmoja usiokunjika. Jioni alikuja kukaa karibu nami. Akasema, "Nilipita Mahege, shemeji. Niliulizia nyumba yenu, nikafika, nikakuta majivu. Nikaita jina la mama mkwe kuelekea msituni, mara nyingi. Nilidhani ataniitikia."

Sikumuuliza nani aliwasha moto. Yeye naye hakusema. Tulikuwa msituni kweli, lakini mbali, hatukusikia mtu akiita. Na kama tungesikia, sijui kama ungeitikia. Nadhani ungeitikia.

Siku ya kwanza sikula naye. Siku ya pili nilikaa na sahani yangu upande huu wa ukumbi, yeye upande ule. Mwanamvua mdogo ameshaanza kutembea. Ana paji lako la uso na ukaidi wako wote. Akachota wali kwa baba yake, akaja nao kwangu, nusu umemwagika. Akachota kwangu akampelekea baba yake. Alifanya hivyo mpaka Zainabu akaanza kulia. Mimi nikainuka na sahani yangu, nikahamia kwenye mkeka wa shemeji. Tukala.

Nilikaa siku kumi. Mtu akiniuliza leo, nitamwambia wakati mzuri wa kwenda Dar es Salaam ni kipupwe, kwa kuwa ni kweli. Lakini wewe hukuniuliza hilo. Uliniuliza siku ngapi kwa miguu. Niwie radhi, Mama.

Sasa Zainabu anataka kuja kukusomea Fatiha, na mumewe ameomba aje naye. Huku Mahege tunajenga upya, na karibu kila nyumba ina mtu wake aliyeuawa na askari wenzake shemeji. Nimewaambia waje wote, na mtoto. Nimeshamweleza pia mama wa jirani, aliyepoteza wanawe wawili. Aliendelea kutwanga.

Nakuahidi hivi: wakifika, nitatoka mpaka njia kuu kumpokea mume wa Zainabu mchana kweupe, nimshike mkono, nitembee naye katikati ya kijiji kwa hatua zake, kwa kuwa hawezi kwenda haraka. Atakayetaka kunisema na aniseme. Kisha nitamvusha mwenyewe mpaka Mbwera nimwonyeshe ulipolala, na maneno aliyonayo akwambie wewe.

Mungu akurehemu, Mama yangu. Tutakuja wanne.

Mwanao,
Seifu