Filamu Alizoniachia Roselyne

Jumamosi, 8 Juni 2013

Roselyne ameondoka leo. Likizo, Kakamega, mpaka mwezi ujao. Ameniachia ufunguo wa nyumba yake nimwagilie maua ya dirishani, pamoja na flashi iliyojaa filamu. Yeye ni nesi, anakaa ghorofa ya juu yetu, na ndiye mtu pekee katika jengo hili anayeongea nami bila kukasirika nisipojibu. Alisema: umemaliza shule, matokeo bado, na joto hili la Doha hutoki nje — utafanya nini? Tazama.

Nilidhani ni za mapenzi. Kumbe zote zinahusu jambo moja: watu wa kawaida waliowaficha Wayahudi wakati wa vita vya Hitler. Anazikusanya tangu zamani. Kikundi chao cha kanisani huzitazama, kisha wanajadili. Mimi sijadili na mtu. Nitaandika humu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetazama ya mwoka mikate na mkewe, Uholanzi. Wamemficha mtoto nyuma ya magunia ya unga. Nilitegemea watu wakubwa, wenye maneno mazito. Wapi! Wanagombana kuhusu viazi. Mke analalamika mtoto anakula sana. Mume anakoroma. Halafu askari wanagonga, na yule mke mlalamishi anaendelea kumenya viazi, hata hainui macho, anawaambia wafute buti kabla hawajakanyaga sakafu yake.

Safari ya kwanza askari wanaondoka. Ya pili, mtoto anakohoa. Basi. Mwisho wa filamu mke yuko jikoni, anamenya viazi vya watu watatu, kisha anakumbuka.

Nimelia mpaka Mama akaja kuuliza nani kafa.

Mimi wiki iliyopita nilishindwa kumwambia mwenye duka la chini kwamba maziwa yake yameganda. Nilipanda nayo nyumbani, Mama akashuka mwenyewe. Ningekuwa mimi pale na kile kisu cha viazi, ningezimia.

Jumatano, 12 Juni

Baba amenikuta natazama. Akauliza, kwa upole tu, kwa nini hawa, wakati kila jioni taarifa ya habari inaonyesha Wapalestina wamekaa juu ya vifusi vya nyumba zao. Nilisema ni za Roselyne.

Lakini ya leo ni ya Albania, na wenyeji wake ni Waislamu. Yule mzee anasema Bismillahi kabla ya kukata mkate. Baba akasimama. Alikuwa anavaa aende kazini — ni msimamizi wa walinzi hotelini — soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Mzee anawavika wageni nguo za wanawe, anawapa majina ya Kiislamu, na askari wakiuliza yupi hapa Myahudi, anasema hawa wote ni wanangu. Baba alisimama vilevile mpaka mwisho. Akachelewa zamu. Mlangoni akasema, "Yule mzee ni mtu kweli."

Sijawahi kumpenda Baba kama leo.

Nimebaki nawaza. Waliofungua milango wametengenezewa filamu. Waliosikia hodi wakazima taa, je? Nadhani walikuwa wengi zaidi. Na nadhani wengi wao hawakuwa watu wabaya.

Alhamisi, 13 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Mchana nilikuwa peke yangu. Baba kazini, Mama kaenda Al Wakrah kwa Bi Sabra, wanashona nguo za harusi. Nikasikia mtu anagonga juu, kwa Roselyne. Anagonga polepole, anaacha, anagonga tena. Nikapanda. Msichana, mkubwa kwangu kidogo, abaya imejaa vumbi, mfuko wa plastiki mkononi. Aliponiona akaegemea ukuta kana kwamba unaweza kumficha. Akasema kwa Kiswahili cha Kenya, "Naomba tu usiniitie mtu."

Anaitwa Nyanchama. Alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba moja huko Al Rayyan. Mwaka jana aliungua mkono kwa pasi, akapelekwa hospitali, na Roselyne ndiye aliyemfunga bandeji na kumnong'oneza mahali anapokaa. Leo mabosi wake walikuwa wanapakia mizigo ya safari, geti likabaki wazi, akatoka. Hivyo tu. Mkataba ulipoisha waliuongeza bila kumuuliza. Pasipoti anayo madamu. Mama yake alifariki Machi, yeye akaambiwa Mei, kwa sababu kulikuwa na wageni wengi na madamu aliogopa atazubaa kazini. Anachotaka ni kwenda kuliona kaburi. Aliyasema haya akitazama vidole vya miguu yake. Hakulia. Niliyelia ni mimi, nikaona aibu.

Ubalozi wao leo ulikuwa umeshafungwa, na Ijumaa na Jumamosi haufunguliwi. Mpaka Jumapili.

Ufunguo nilikuwa nao. Nikafungua. Sikumkumbuka mzee wa Albania wala mtu yeyote. Nilichowaza ni kwamba pale kwenye ngazi kuna joto.

Jioni nilitaka kumwambia Baba. Wallahi nilitaka. Nilikuwa nimeshavuta pumzi, yeye akaanza. Picha ya mtumishi aliyetoroka Al Rayyan inazunguka kwenye simu za walinzi. Eti kaiba dhahabu. Mama akasema maskini. Baba akasema maskini ndiyo, lakini atakayemweka kwake atafuatana naye. Akamkumbusha habari za Japheth, mlinzi mwenzake, aliyemlaza mtoro mmoja sebuleni. Huyo Japheth alirudishwa kwao pamoja na mke na watoto, sufuria zikabaki juu ya jiko.

"Huruma ninayo, Saada," Baba akamwambia Mama. "Kibali cha kuishi hapa ninacho kimoja tu, na nyote mmo humo."

Nikatoa pumzi. Nikala wali.

Hakuiba dhahabu. Ule mfuko nimeuona. Gauni, chanuo, picha ya mama yake.

Ijumaa, 14 Juni

Roselyne kajibu ujumbe niliomtumia jana. Alikuwa hana mtandao, kapanda mpaka barabarani ndipo akausoma. Anasema vizuri, Nyanchama akae. Jumapili asubuhi Milcah, rafiki yake wa kanisani, atakuja na gari, asimame nyuma kwenye mapipa ya taka, ampeleke ubalozini. Kazi yangu ni kumshusha tu. Wanawake wawili wenye baibui na nikabu hakuna anayewauliza. Na mpaka hapo Nyanchama asimfungulie mtu hata akigonga vipi. Anayekuja aje na ufunguo.

Baba alipokwenda msikitini nilipeleka pilau juu. Nyanchama amemwagilia maua yote, amesugua bafu, amepiga pasi mashuka ya Roselyne. Kochi halikalii. Amekaa chini karibu na friji. Nilimwambia wewe ni mgeni, pumzika. Akasema akikaa bure anamsikia mama yake.

Nikamweleza kuhusu filamu. Sijui kwa nini — mimi, kuongea vile! Alisikiliza kwa makini sana. Akauliza, hao waliofichwa, mchana kutwa walikuwa wanafanya nini? Nikafikiri. Kwenye filamu hawaonyeshi. Wanaonyesha mlango, buti, mwenye nyumba. Anayefichwa anaonekana macho tu gizani. Nikasema sijui. Akasema yeye anajua: wanajaribu kutokwenda choo. Tukacheka wote wawili mpaka nikaziba mdomo.

Najua si kitu kimoja. Yeye hawamtafuti wamuue. Wale waliuawa kwa mamilioni, watoto kwa wazee, na mimi sina haki ya kulinganisha. Ila kugonga mlango kunafanana. Nafikiri kunafanana.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeharibu. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu.

Kwetu viatu tunavua nje ya mlango. Ndivyo alivyonifunza bibi Tanga, ndivyo tunavyofanya hapa, mkono unaenda wenyewe. Ukipita kwenye korido ya jengo letu unajua nani yupo na nani katoka. Na jana, nikiwa na sahani ya pilau mkononi, nilivua ndala zangu nje ya mlango wa Roselyne. Zenye ua la njano. Mwenye nyumba yuko Kenya!

Haris, yaani mlinzi wa jengo, mzee wa Kisudani, alikuwa anafagia. Akaziona. Akasikia kicheko ndani. Hakuwa na ubaya, ana mabinti wanne kwao. Leo walipokuwa wanatoka msikitini baada ya Alasiri akamshika Baba mkono, akamwambia kwa siri: mwangalie binti yako.

Baba aliingia hajavua hata kofia. Akaniambia nikae. Mama akasimama mlangoni na mwiko. Baba aliuliza nani yuko juu. Nikautazama mwiko. Akauliza tena. Akasema basi twende, ukanifungulie nimuone huyo kijana.

Kijana! Hapo ndipo nilipoelewa haris alidhani nini. Nilikuwa na njia mbili tu. Niseme ukweli, niwe msafi, na Baba akutane na Nyanchama uso kwa uso akiwa na kile kibali chake kimoja. Au.

"Ni mvulana, Baba," nikasema. "Ameshaondoka. Hatarudi."

Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizomwambia mwaka huu.

Akataka jina. Nikasema Bradley. Maskini Bradley. Alikaa nyuma yangu darasani, hajawahi hata kuniazima rula, na sasa yuko Kanada.

Baba hakunipiga. Ningeona nafuu. Alinyoosha mkono, nikaweka ufunguo juu ya kiganja. Akasema kesho atampigia shangazi. Nitarudi Tanga. Habari za chuo zimekwisha. Halafu akasema kazini wenzake wanasumbuliwa na watoto wao, na yeye siku zote huwaambia, mimi Warda wangu. Hakumaliza. Akaingia chumbani.

Mama alibaki mlangoni na mwiko wake. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Na juu kuna mtu anayengoja nimpelekee chakula cha jioni.

Jumapili, 16 Juni

Baba hajaenda kazini. Amebadilishana zamu. Amekaa sebuleni, mlango wa nje uko mbele yake, ufunguo uko mfuko wa shati. Siruhusiwi kutoka hata kutupa taka. Milcah ameandika yuko njiani. Sikujua nimjibu nini.

Mama akaingia. Akafunga mlango, akakaa kitandani, akaanza kunifumua nywele kana kwamba leo ni siku ya kusuka. Akaniambia ile pakiti niliyonunuliwa juzi imebaki nusu, na siku zangu bado.

"Mvulana gani, Warda, anayetumia pedi?"

Nikamwambia yote. Kwa kunong'ona, uso ukiwa magotini kwake. Hodi, mama aliyekufa Machi, gari, mapipa ya taka. Mikono yake haikuacha nywele zangu. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Jana usiku kala?"

Nikasema hajala. Akavuta pumzi. Nikamwambia basi tumwambie Baba, Baba atamuelewa, Mama, ulimuona siku ile na soksi mkononi. Hapo akanigeuza nimtazame. Akasema Baba akijua itabidi achague, na sisi ndio tutakuwa tumewekwa kwenye mizani. Akichagua kumtoa yule binti, hatajisamehe. Akichagua kumficha, wakija kumuuliza uso utamsema. Acha awe hajui. Wakimuapisha, aape, na kiapo chake kiwe cha kweli.

Nikasema, lakini ataendelea kuniona mimi —

Akasema ndiyo.

Akafunga nywele zangu kwa kitambaa chake. Akachukua baibui langu, akalikunja pamoja na lake na nikabu mbili, akaviweka kwenye ndoo ya usafi, juu akafunika na matambara. Akatoka.

Nimesikiliza nikiwa nimeegemea mlango. Alimwomba Baba ufunguo. Kwa sauti ya kuchoka, ya mama aliyefedheheka. Alisema ile nyumba ni ya watu, akaisafishe kabla mwenyewe hajarudi, aondoe aibu ya mtoto wake. Nikasikia ufunguo ukigusa ndoo. Nikasikia mlango. Ngazi. Mama anapanda polepole, goti lake linamsumbua.

Sasa tuko wawili ndani. Baba analia. Hana sauti, anavuta pua tu, na kochi linalia chini yake. Sijawahi kumsikia. Nikitoka nitapiga magoti na kusema kila kitu, najijua. Maneno mawili na atanyamaza. Gari la Milcah bado silisikii. Naandika ili mikono iwe na kazi. Juu kuna nyayo, sijui za nani, sijui wameshatoka au wanavaa. Naandika. Baba ananiita. Mara moja, kwa upole, kama anavyoniita akitaka maji. Ameinuka. Anakuja huku, kivuli chake kiko chini ya mlango, anasema Warda, mwanangu, niambie tu kwamba si —