Mstari kwenye Fizi za Mama

Baba Naomi,

Uji wa mama upo kwenye chupa ya chai. Sato mtoe miba yote umponde kwenye mchuzi, maana meno yake ya bandia bado sijayamaliza. Ile sanamu ya plasta ya fizi zake, hapo dirishani, ASIIGUSE MTU.

Asubuhi nimekuta mstari wangu wa penseli kwenye hiyo sanamu, wa kuonyesha meno yaishie wapi, umefutwa, mwingine umechorwa chini kabisa. Mama kakubali mwenyewe, bila hata aibu: anataka meno yafike mbali yasimdondoke akiimba kwaya. Nikamweleza kwamba mstari unaishia pale nyama ya shavu inapoanza kucheza. Meno yakivuka hapo, akifungua mdomo tu shavu litayasukuma, na ukingo utamkata. Akasema mkwe wake anambania hata meno! Na wewe, mwanawe, ukanywa chai yako ukasema, "Mfanyie tu anavyotaka."

Nikimfanyia, vidonda ni vyangu. Nisipomfanyia, roho mbaya ni yangu. Humu ndani inakuwaga hivyo hivyo.

Mstari nimeurudisha pale pale, safari hii kwa wino.

Nimeenda maabara Bunda. Funguo ya jiko ipo kwa jirani. ~~Leo nalala kwa dada Rhobi.~~ Narudi jioni. Uji uliopikwa na mtu mwingine mama hanywi, na mnajua wote wawili.

Unaniulizaga kwa nini meno haya nayakimbiza hivi. Siku mama akitafuna mwenyewe, huo mstari wa kulala kwa dada Rhobi sitaukata tena.

Mama Naomi