Abiria wa Isimbi

Jumapili, 2 Novemba 2025
Binti yangu Isimbi amepiga simu baada ya misa. Jumamosi anarusha tena ile ndege ya Kigali–Kamembe, na anataka niwemo. Nimeshakataa mara mbili. Leo akasema polepole: "Papa, ukikataa na hii, sitakuomba tena." Mke wangu Claudette alikuwa anasikiliza. Akaingia jikoni, akaanza kugonga masufuria, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Miaka yangu yote nimeendesha malori na mabasi. Kubebwa sijui! Nikikaa kiti cha abiria jasho linanitoka.

Jumanne, 4 Novemba
Nimefikiri sana. Kigali–Kamembe kwa barabara: Huye, halafu msitu wa Nyungwe, nyani katikati ya lami, kona juu ya kona. Siku ilikuwa inaisha, na mgongo pia. Yeye anapita juu moja kwa moja, kilomita mia na hamsini hivi, dakika arobaini. Arobaini! Mimi saa hiyo nilikuwa bado natafuta chai nje ya Kigali. Na huyu ndiye mtoto aliyekuwa anaogopa kuku.

Nimemwambia Claudette nakwenda. Akacheka. "Bon. Lakini usiende kumufundisha kazi yake."

Ijumaa, 7 Novemba
Basi kutoka Gisenyi mpaka Kigali. Nilikaa mbele. Kwenye kona za Buranga nikamwambia dereva apunguze gia. Nikamwambia tena. Na tena. Akaniomba, kwa adabu, nihamie nyuma. Aibu! Huko nyuma mguu wangu wa kulia ukaendelea kukanyaga breki isiyokuwepo, hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo.

Nimelala kwa shemeji. Naogopa. Si ndege tu — naogopa kumwaibisha.

Jumamosi, 8 Novemba
Uwanja wa ndege. Nikamwambia binti wa kaunta: "Mi naomba kiti ya mbele kabisa, karibu na dereva. Ni mutoto wangu." Akanieleza kwa heshima kwamba abiria hawakai huko. Watu wakatabasamu. Basi.

Kisha, kupitia kioo, nikamwona Isimbi. Koti la manjano, anaizunguka ndege peke yake. Akainama kwenye tairi, akaligusa kwa kiganja, akaenda kwenye lingine. Hakuliacha hata moja. Hivyo hivyo nilikuwa nafanya kila asubuhi pale kituo cha mabasi cha Gisenyi, yeye amesimama na sare ya shule, anasubiri nimpeleke. Sikuwahi kumwambia aangalie. Machozi yamenitoka mbele za watu na sijali. Najivunia huyu mtoto, jamani!

Baadaye — ndani ya ndege
Sauti ya Isimbi imetoka kwenye spika ya juu, imetulia: Kamembe kuna mvua kubwa, tutazunguka kidogo mpaka ipungue. Zile dakika arobaini zimeshapita. Dirishani mawingu matupu, ziwa la pale Kamembe silioni. Inatikisika. Mama wa pembeni yangu ameshika rozari, ameniuliza kama huyu rubani anajua kazi. Nimemwambia ni binti yangu, na matairi ameyaangalia yote. Akanitazama, akarudi kwenye rozari.

Mguu umeanza tena kutafuta breki. Nimevua kiatu cha kulia, nimekisukuma chini ya kiti. Dereva yupo.

Anakata kona tena, taratibu, vizuri —