Uvimbe Wenye Nywele

Jumatatu, 4 Machi 1985
Chaki zimeisha. Nimeandika ubaoni kwa muhogo mkavu. Tumbo limevuta tena upande wa kushoto. Walimu wenzangu wananipongeza wakidhani ni mimba. Sina mimba. Naogopa.

Alhamisi, 7 Machi
Hospitali. Daktari amepapasa: uvimbe kwenye kifuko cha mayai, mkubwa kama chungwa. Nimeuliza kama ni kansa. "Inaweza kuwa, Mwalimu. Mara nyingi siyo." Nitapasuliwa Jumatano.

Jumamosi, 16 Machi
Niko hai. Mshono unachoma. Ndani ya uvimbe kulikuwa na nywele na jino. Jino! Yosefu, mume wangu, alitoka wodini. Wagonjwa wenzangu wananong'ona nimerogwa. Hadi jioni habari imefika kijijini kwetu Nakwa, na anayetajwa kuwa mchawi ni mama mkwe wangu. Nina hasira mno.

Jumapili, 17 Machi
Nimemwomba daktari anieleze. Akaketi. Mtoto akiwa tumboni, anasema, chembe za mwili hupeana maagizo kwa njia ya protini: gawanyika, kuwa ngozi, kuwa mfupa, acha sasa. Chembe moja ya yai langu ilianza kujenga bila kuagizwa. Nikauliza, na kansa je? "Maagizo ni hayo hayo. Ila lile la kuacha halisikiki tena." Kipande kimepelekwa kupimwa. Magari hayana dizeli, kwa hiyo nisubiri.

Mchana mama mkwe akaja na kibuyu cha maziwa. Akasimama mlangoni, haingii. Wodi nzima ikageuka kumtazama. Nikasema kwa sauti ili wasikie, "Shikamoo mama. Njoo ukae hapa kwangu."
"Marahaba, mwanangu."
Nikamweleza yote. Akataka kuliona jino. Muuguzi akalileta ndani ya chupa. Akalitazama sana.
"Zuri kuliko yangu yote."
Amebaki na manne. Nimecheka hadi mshono ukaniuma. Wodi nzima imecheka.

Jumanne, 2 Aprili
Nipo nyumbani. Majibu bado. Silali. Yosefu naye halali, anajifanya tu. Nimemkasirikia bure kwa ajili ya sabuni.

Ijumaa, 12 Aprili
Si kansa.
Yosefu amelia, kisha akaenda kupalilia maharage. Mama mkwe amechemsha chai ya maziwa, bila sukari. Tumekunywa wawili barazani. Mvua imeanzia upande wa Sigino, kijiji cha jirani, ikaja polepole. Hatukuingia ndani.