Bulaya Yangu na Ile ya Kavira

Yaya Katungu,

Ni mudogo wako Mususa naandika. Usicheke mwandiko. Niliachaka masomo mu ya tano primaire, juu mwalimu alikuwa anaogopa maulizo yangu. Hiyo unaijua.

Tangu tukuzike, nyumba iko sawa. Bati ya upande wa jikoni tulibadilisha. Nilipanda mimi peke yangu, na upepo wa kubeba mbuzi. Lakini shamba yako ya kakao kule Beni haiko tena yetu. Nakuambia mapema, usiisikie kwa bengine. Binti yako Kavira aliiuza ili aende Bulaya, na mimi, mujomba wake, ndiye niliweka sahihi.

Sikia kwanza.

Siku ya kuondosha matanga yako, ndugu bote bakiwa mu lupango, pale inje ya nyumba, Kavira alisimama akasema anaacha kazi ya infirmière, ya kuuguza bagonjwa, anaenda Bulaya. Bote baligeuka kuniangalia mimi. Sababu unaijua. Wakati mulikimbia vita ya Beni, tukalala batu kumi na mbili mu nyumba yangu ya vyumba viwili, ni mimi nilikuwa nabapa batoto Bulaya kila siku. Eti nilikaaka kule miaka tatu, neige, ile barafu ya kule, inaanguka kama unga ya muhogo, na mimi niliianika juu ya bati. Batoto bakacheka, bakasahau njaa. Wewe ulikuwa unachagua maharagi, ukasema tu: « Ongeza, basikie muzuri. » Ulijua, Yaya. Ulijua nilikuwa convoyeur, musaidizi wa dereva wa camion, nikafika Mombasa tu, nikafagia depo, nikarudi na malaria.

Basi nilisimama mbele ya bote. Kwa mutu kama mimi haiko kazi ndogo. Nikasema: « Kavira, nilidanganyaka. Bulaya sijafika hata siku moja. Usiende juu ya maneno yangu. »

Akacheka! « Mujomba, najua tangu primaire. Neige ya kuanika mu jua? »

Ndugu bote bakacheka. Nilisikia haya, na hasira kidogo pia. Nilizani uongo yangu ilikuwa na nguvu zaidi.

Kisha akasema pole pole: « Siendi juu yako. Naenda juu ya hii: kila asubuhi nauliza kama vita imeua mutu mu njia ya shamba. Nataka kuamuka bila kuuliza. »

Mimi, mwenye majibu kutoka Butembo mpaka Kasindi, niliomba bic. Nikaandika jina mu karatasi ya kuuza shamba.

Alifika, Yaya. Sasa ni karibu mwaka. Anatupigia telefone siku ya Mungu, misa ikiisha. Mwanzo ilikuwa sukari tupu: nyumba ya joto, kazi nzuri, batu bazuri, chakula inabaki. Ndugu bakapiga makofi. Vijana ba avenue yetu bakaanza kuulizia pasipoti. Mimi nilisikiliza maneno yake vile fundi anasikiliza injini. Mutu mwenye kusema kweli analalamika kidogo: mvua, jirani, chakula haina chumvi. Kavira hakulalamika hata kitu moja. Hiyo kazi ya kudanganya ninaijua kuliko mutu yeyote wa hii muji.

Juzi nikachukua telefone, nikatoka nayo inje. Nikamuuliza: « Miguu inauma? »

Akajibu: « Sana, Mujomba. »

Akasema yote. Diploma yake kule haitambuliwi. Anaosha bazee, kutwa nzima amesimama. Karatasi yake ya kukaa bado iko inangoja mu bureau. Kazini bamemupa jina ingine, eti lake ni nguvu kutamuka. Nikauliza: « Na asubuhi? »

« Asubuhi naamuka bila kuuliza kitu. Kisha nawakumbuka ninyi, nauliza tena. »



Yaya, siwezi kukuambia kama alifanya vizuri. Usingizi aliupata, na sisi tulibaki mu kichwa yake. Nakuahidi hivi: vijana bakikuja kwangu kuuliza Bulaya, nitabapa ile ya Kavira, miguu ndani, usingizi ndani, hata kama haipendezi kama yangu. Mwenye kwenda aende akijua. Na Kavira akipiga, nitamuuliza kwanza kile kinamuuma, kabla ndugu hawajachukua telefone.

Pumzika, Yaya. Sisi tuko.

Mudogo wako