Nafasi ya Gita Lako

Bukoba, mchana, mvua inanyesha

Respisi rafiki yangu,

Santuri imetoka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu uniulize, "Imetoka au bado?" Imetoka. Ninayo hapa mezani, picha yetu juu yake, watu watatu badala ya wanne, na mimi nimefumba macho kama kawaida yangu. Nje mvua imelifunika ziwa tangu asubuhi, hata sijui maji yanaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi. Siku kama hizi ndizo ninazokuona. Unapita katikati ya migomba na gita mgongoni, mvua haikulowanishi, unakwenda polepole kabisa, lakini sikufikii.

Nina jambo la kuungama, na ndilo lililonichelewesha kuandika. Tumebadilisha muziki.

Usikasirike kwanza. Au kasirika, ni haki yako. Bendi uliianzisha wewe, na ni wewe uliyekataa tuitwe Jazi kama bendi nyingine zote. "Sisi ni roki, bwana. Anayetaka rumba avuke barabara." Tulikuwa na spika mbili, moja imepasuka, nawe ukaipenda hiyo iliyopasuka kwa sababu ilikuwa inanguruma. Unakumbuka lile bugi, dansi letu la mchana, katibu wa tawi alipokuja kutuagiza tuimbe kilimo? Ukamwitikia kwa adabu, "Ndiyo, ndugu katibu," kisha ukaimba jembe na palizi kwa mngurumo ule ule, vumbi likadondoka kutoka darini, na yeye mwenyewe akacheza mpaka kofia ikaanguka. Nacheka peke yangu hapa, mama mwenye nyumba atadhani nimerukwa na akili.

Halafu ukaondoka kwa homa ya siku nne. Siku nne tu, Respisi. Mengi uliyosema kitandani yalikuwa ya homa, ila moja ulilisema ukiwa umenishika mkono na macho yako yakiwa macho yako: "Nova, msije mkawa bendi ya harusi." Nikakuitikia. Nimelala na neno hilo tangu siku ile.

Baada ya mazishi, Lado wetu wa dramu alisema gita lako libaki kwenye bendi. Alisema zama hizi ni za ujamaa, vyombo ni vya wote. Nikamwambia ujamaa haukuzaa mtu, aliyekuzaa yuko Ijumbi. Tukanuniana wiki nzima, yeye anapiga dramu huku ananipa mgongo. Mwisho nikalifunga gita kwenye blanketi, nikapanda basi la asubuhi.

Sikuwa nimewahi kukaa na baba yako nyumbani kwake. Wewe uliniambia tu kwamba ni mpiga enanga, chombo kile cha wazee cha kulaza mapajani, na kwamba ulipoleta gita nyumbani mara ya kwanza aliinuka akaenda zake kibanjani, kwenye migomba yake, nawe ukahamia mjini. Sasa nilikuta enanga imetundikwa ukutani, imegeuziwa uso ndani. Mama yako, Ma Verdiana, akaniletea akamwani kwenye kile kikapu kidogo, nikatafuna zile buni taratibu ili kinywa changu kiwe na kazi. Akaninong'oneza kwamba mzee hajaigusa tangu siku tuliyokuzika pale nyuma ya nyumba. "Anasema mikono imekufa, waitu."

Baba yako, Ta Bernado, alifungua blanketi mwenyewe. Hakulishika gita kama sisi tunavyolishika. Alililaza chali mapajani, akalitazama muda mrefu, akauliza, "Mbona kila uzi uko peke yake? Kwetu ni uzi mmoja, unakwenda na kurudi." Kisha akaanza kuzungusha vifungio, kimoja kimoja, anagusa uzi, anasikiliza, anazungusha tena. Nilitaka kupiga kelele. Analiharibu! Ulikuwa ukitukataza hata kulipangusa. Lakini mzee alikuwa anaufuata ule mpangilio wa sauti za enanga yake, na bila umeme sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeongea chumba cha pili. Nilidhani atapiga. Hakupiga. Alilifunga tena kwenye blanketi akasema, "Lichukue, mwana wange. Mimi siwezi."

Nikarudi nalo mjini, na ungamo langu ndilo hili: sikuthubutu kulirudisha kwenye sauti zake. Siku ya mazoezi nililipiga hivyo hivyo alivyozikaza nyuzi zake, na nyimbo zako zote zikageuka. Zikawa za chini, za mbali. Lado akasimama akasema, "Hii sasa ndiyo bendi ya harusi yenyewe." Neno lile lile, na hakujua uliniambia nini. Nilitoka nje nikalia karibu na pipa la maji. Niliporudi nilimkuta ameweka fimbo chini, anapiga dramu kwa viganja, hanitazami.

Tulivuka ziwa kwa meli kwenda kurekodi. Wimbo wa mwisho ni ule wako wa kungoja meli, ambao katikati ulikuwa unatuacha sote na kulingurumisha gita peke yako. Nilijaribu kupiga pale mara tatu. Vidole vilikataa. Mara ya nne nikainua mikono, nikaiacha nafasi yako wazi, viganja vya Lado peke yake vikaendelea. Fundi wa studio alidhani nimesahau. Nikamwambia aache hivyo.

Vijana wa hapa mjini wengine wamenuna. Mmoja alinisimamisha sokoni akaniambia tumeiua roki. Pengine ni kweli, Respisi, mimi sijui.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya Misa, nilipeleka santuri Ijumbi, na gita pia. Mwalimu mmoja wa Izigo aliniazima gramafoni ya betri. Ta Bernado alikaa akitazama mlango, haonyeshi lolote, wimbo baada ya wimbo. Ulipofika wa meli na ile nafasi ikafunguka, akainuka. Nikajua anakwenda kibanjani, kama alivyokufanyia wewe.

Alikwenda ukutani. Akaigeuza enanga, akaketi nayo, akapiga.

Hakupiga taratibu. Nilitegemea kitu cha maombolezo, na mzee aliichapa mpaka mti wenyewe ukawa unatetemeka na kuunguruma kama spika yako iliyopasuka. Ma Verdiana akashika kichwa, akamwita mama yake kwa Kihaya, "Mawe! Anapiga kama Respisi!" Nafasi ikaisha, santuri ikaendelea na mambo yake, yeye hakuacha. Kisha akanionyesha gramafoni kwa kidevu. "Rudisha." Nikairudisha sindano pale pale. Tuliirudisha hivyo mpaka betri zikafa, na majirani walikuwa wamejaa hadi nje. Alipoweka enanga chini ukucha wake mmoja ulikuwa umevunjika, damu inatoka, naye anautazama na kucheka.

Gita lako nimeliacha kwake, ukutani, kando ya enanga, vyote vimetazama watu. Langu nimelikaza nyuzi kwa sauti zile zile. Nafasi yako sitaijaza, nakuahidi. Ukumbi wowote tutakaopiga, nikifika pale nitainua mikono, watu wanune wasinune.

Lala, rafiki yangu. Nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika. Na kama huko uliko bado unasema hii si roki, usinigombeze mimi, mwulize baba yako ukucha wake umekwenda wapi.

Wako,
Nova