Maiti wa Video Anasema kwa Sauti ya Bwana Wangu

Mama Christiane mupendwa,

Nakuomba musaada, kama wamama wengine wanaokuandikia shida zao, na kabla ya musaada nakuomba uvumilivu, juu miye nilifika kalasi ya tano tu kwa masista na nikianza kuandika sijui fasi ya kuweka nukta, lakini mwana wangu wa kwanza, Évariste, yeye anazijua nukta zote, alipata diploma ya État na asilimia sitini na nane, katika kalasi yao hakuna aliyemupita, hata yule mutoto wa mukubwa wa biro, na sisemi hivi kwa kujisifu, nasema ili ujue nakuandikia juu ya mutu gani, mutaa wetu wote wa Kataki unamujua, ukishuka leo kwenye gari la moshi uulize "Évariste wa video" hata mbuzi watakuonyesha nyumba.

Kazi yake ni hii. Papa Germain ana sale ya video, chumba kirefu chenye mabanko, madirisha yamefungwa na vitambaa vyeusi, na kaseti zinatoka Lubumbashi, zote zinasema Kifaransa, na watu wetu Kifaransa chao kinaishia kwenye "bonjour". Évariste njo anasimama kando ya televizio na fimbo mukononi, anatafsiri yote kwa Kiswahili, na si kutafsiri tu, anatoa sauti ya kila mutu, ya muzee, ya mwanamuke mwenye wivu, ya polisi, hata ya mbwa. Kuko mwingine alijaribu kazi hiyo wakati Évariste alikuwa na malaria, watu walimutoa kwa maganda ya karanga.

Jumamosi saa tisa, watu wakitoka Salongo, ile kazi ya kusafisha muji, na kunawa mikono, njo saa ya filme za woga. Na usidhani ni vijana tu. Jirani yangu Mama Bertille anajifunika kitenge machoni, anaangalia kwenye katundu kadogo ka kitenge, kila Jumamosi anaapa hatarudi, na Jumamosi inayofuata yeye njo wa kwanza kukaa. Nilimuuliza, "We Bertille, unaenda kununua woga wakati nyumbani uko nao wa bure?" Akaniambia, "Mama Évariste, woga wa nyumbani hauna mwisho. Huu wa video, saa kumi na moja wanafungua mulango, natoka, nakuta jua liko fasi yake na mihogo yangu hakuna aliyeiba. Njo nalala muzuri."

Miye filme za namna ile sikuzipenda. Niliingia mwezi wa tatu kwa sifa tu, wamama wa soko walikuwa wananiambia "hujamusikia mwana wako akifufua wafu, hujasikia kitu," basi nikaenda, nikakaa banko la mbele kabisa ili kila mutu ajue ni miye niliyemuzaa. Filme ilikuwa ya muji mumoja wa wazungu kandokando ya ziwa, ziwa la baridi, lenye ukungu. Mutu amezama. Halafu anatoka majini, nguo zinachuruzika, anapita mulango kwa mulango anagonga. Hana hasira hata, anataka tu kuingia ndani apate moto. Lakini kila anayemufungulia anakufa.

Yule maiti akagonga mara mbili. Évariste akakohoa kidogo, akasema, "Mufungue. Ni miye. Niko na baridi."

Hapa, Mama, lazima nikuambie kitu nilichopaswa kukisema juu kule. Bwana wangu, Damien, mutu wa Kirungu kule milimani, alikuwa motorista wa boti ya kupeleka unga Kabimba. Mwaka juzi, mwezi wa nane, upepo uliwakuta katikati ya ziwa. Boti waliiokota imepinduka, wenzake wawili waliwaokota, mumoja muzima, mumoja amekufa, lakini yeye hatukumupata, hata kofia. Na kila alipotoka ziwani asubuhi alikuwa anagonga mara mbili, anakohoa, anasema maneno yale yale, anavuta mwisho wa neno kama watu wa milimani wanavyovuta. Maiti wa video alisema kwa sauti yake. Si kufanana, Mama. Yake.

Watu wote walipiga kelele za woga. Miye nilisimama nikafungue mulango.

Tangu siku ile sijakosa Jumamosi hata moja. Kaseti ilipaswa kurudi Lubumbashi kiisha wiki mbili, miye nilimupelekea Papa Germain samaki, kuhe wa kukaushwa, na ujue kuhe wangu hata wafanyabiashara wa Kigoma wanaulizia, nikamuambia watu bado wanaitaka, akaiacha, kiisha nikapeleka tena, na sasa tuko mwezi wa saba na kaseti bado iko, picha yake imeanza kutetemeka. Wengine wamechoka kuiona, wanaenda nje kuvuta sigara. Miye nangoja ile milango mitatu anapogonga, basi.

Mwanzo wa mwezi huu Papa Isidore, mukubwa wake Damien, alishuka toka Kirungu. Kwao, mutu akipotea majini, wanakata mugomba wenye urefu wake, wanauvalisha shati lake, wanauzika kama wanavyozika mutu, watu wanalia, njo matanga yanaisha na mujane anavua nguo nyeusi. Akaniambia, "Mama Évariste, wazee wamesema ni wakati. Tunahitaji shati lake, na wewe uketi kwenye kaburi."

Nikamujibu, "Papa Isidore, nizike mugomba ginsi gani wakati bwana wangu anasema kila Jumamosi saa tisa?"

Nilidhani atacheka. Akauliza, "Nani anamusemesha?"

"Mwana wenu," nikasema, kwa furaha.

Akasukuma sahani ya bukari pembeni. "Damien nilimubeba mugongoni hajajua kutembea. Sitaenda kumusikia ndani ya sanduku la Germain. Na wewe unaenda?"

Nikabeba ile sahani jikoni.

Évariste mwenyewe, kabla ya hapo, alikuwa ameshaniomba. Alinikuta nasafisha samaki, akachuchumaa, akasema, "Mama, ile sauti siku ya kwanza ilitoka yenyewe, sikuiita. Sasa Ijumaa nzima naiogopa. Nataka kumupa maiti sauti nyingine." Nikamuambia, "Mara moja tena, mwanangu, halafu basi." Akakubali. Jumamosi iliyofuata nikamuambia tena mara moja. Nimemuambia hivyo, Mama, sijui mara ngapi, na alikuwa amekonda, nikawaambia watu anakonda juu ya kusoma vitabu.

Jumamosi iliyopita maiti akagonga na Évariste akanyamaza. Picha inaenda, mudomo wa maiti unacheza, sauti hakuna. Watu wakaanza: "Interprète, umemeza ulimi?" "Mupeni maji, maiti amemushika koo." "Germain, tafuta mwingine, huyu amezama naye." Na miye, mama yake, kwenye banko la mbele, nikamuambia mbele ya wote, "Sema, mwanangu. Sema."

Akaniangalia. Akakohoa. Akasema kwa sauti ya baba yake, "Mama Évariste, usinifungulie. Miye nilikufa."

Watu wakacheka, walidhani ni masihara ya filme. Bertille peke yake hakucheka, aliteremsha kitenge machoni. Évariste akaweka fimbo chini, akatoka. Leo ni siku ya tano analala kwa rafiki yake karibu na stesheni, chakula nikituma kinarudi kimefunikwa vile vile.

Papa Isidore anarudi Kirungu na boti ya siku ya kumi na tano na anataka jibu langu. Nikisema ndiyo, mugomba unazikwa na mambo yanaisha. Nikisema hapana, anasema wazee hawatarudi tena kuniuliza. Niambie, Mama, ni dhambi kusikiliza? Mwana wangu atarudi ginsi gani? Na kitu kimoja sijamuambia mutu, hata padiri. Kabla ya ile filme nilikuwa nimeshaisahau. Sauti ya Damien. Mwaka mumoja na nusu tu, na nilikuwa nalala najaribu kuisikia na haiji, naona mudomo wake tu. Miye niliyekaa naye miaka ishirini na mitatu. Tukizika mugomba na Évariste akinyamaza, nitaipata wapi tena?

Ni miye Mama Évariste, Kataki, Kalemie.

*

Mama Évariste,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilihesabu mistari. Asilimia sitini na nane nimeijua mapema kabisa. Kwamba mwana wako amefiwa na baba yake, hilo hukuliandika popote. Umeandika "bwana wangu", umeandika kwamba Papa Isidore ni "mukubwa wake Damien", lakini kijana ambaye pia hakupata maiti wa kuzika, huyo umemusimamisha kando ya televizio na fimbo, ukamuita mufufuaji.

Pole, mama. Nasema pole kwanza kwa sababu yanayofuata si matamu.

Unaniuliza kama ni dhambi. Filme si dhambi. Jirani yako Bertille ana akili kuliko wengi wanaomucheka: anaingia kwenye woga ambao una mulango, na mulango ukifunguliwa anatoka. Papa Isidore naye ana haki yake ya kutoingia. Mimi mwenyewe siangalii filme hizo. Nilikuwa musichana mwaka wa sitini na nne, wakati wa vita, niliyoyaona barabarani yananitosha, sihitaji kuongezewa. Kila mutu na kipimo chake. Lakini wewe, dada yangu, wewe hukuenda kuogopa. Wote waliuogopa mulango na wewe ulitaka kuufungua. Ulikwenda kwa mutu, na mutu huyo hayuko mule. Aliyekuwa mule ni mutoto wako, peke yake, anatetemeka, na ulimulipia Germain kwa samaki ili aendelee kutetemeka.

Umefanya kosa. Si kosa la mwanamuke mubaya, ni la mwanamuke anayeumia, lakini jina lake ni kosa na usiliite jina lingine.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, kabla ya soko, nenda kwa Papa Germain na mikono mitupu. Mwambie kaseti irudi Lubumbashi na gari la moshi linalofuata, na usimame pale mpaka aifunge kwenye karatasi. Akikuambia watu bado wanaitaka, mujibu kwamba ni wewe uliyekuwa watu.

Kisha acha kutuma sahani. Mutoto anayerudisha chakula kimefunikwa hana njaa ya samaki. Nenda mwenyewe, na uende na Papa Isidore, kwa sababu kijana anahitaji kuona kwamba upande wa baba yake uko. Najua kwetu muzazi hapigii mutoto magoti, na sikuambii upige. Keti chini sawa na yeye na useme: "Nilikulazimisha. Nisamehe." Maneno hayo tu. Usiongeze kwamba ana kipaji, usiongeze kwamba Kataki yote inamulilia. Kama hatajibu siku hiyo, rudi nyumbani, na kesho yake urudi kwake. Na atakapoamua kama anashika fimbo tena au haishiki, ni juu yake. Wewe Jumamosi saa tisa ukae kwako.

Shati ulichague wewe, usimuachie mutu mwingine, na uchague lile alilolivaa sana, si lile la sikukuu. Waachie wazee wapime mugomba. Utakapoona mugomba umevaa shati utataka kucheka, wajane wengi hucheka, usione haya, kinachofuata baada ya kicheko hicho njo kile ambacho hujakifanya tangu mwezi wa nane wa mwaka juzi; katika barua yote kila mutu anapiga kelele, anakonda, anacheka, lakini hukuandika hata mara moja kwamba ulilia. Évariste aketi karibu nawe pale kaburini, na asiombwe na mutu yeyote kusema neno, si sala, si shukrani, si salamu za familia. Papa Isidore atasema. Kijana akae kimya kama watoto wengine wote waliofiwa.

Limebaki swali lako la mwisho, na ningependa kukudanganya, maana usiku wako ni murefu na wangu pia. Sauti utaisahau. Si kosa lako na si kwamba ulimupenda kidogo. Sauti njo kitu cha kwanza ambacho wafu wanachukua. Miaka ishirini na mitatu hailindi. Utabaki na mudomo, na mabega, na namna alivyovua viatu, halafu siku moja mudomo nao utafifia. Hilo sina dawa yake na anayekuambia anayo, usimupe samaki.

Lakini Évariste ana sauti yake mwenyewe, na kwa miezi minne hujaisikiliza. Boti ya Kirungu haikungoji. Mupe Papa Isidore shati leo.

Mama Christiane